UZI: Shujaa wangu ana karabai ya kichawi inayowaita wote wanaomdai. Hii ni silaha au si silaha?

Otenga_wa_Dunga (mwenye uzi)

Wadau, hamjambo. Naandika hadithi ya giza: mifupa inayotembea, mfalme wa kuzimu mwenye sauti ya pipa tupu, kunguru kila ukurasa, mvua isiyokatika. Ila yangu ni ya kejeli, na mambo yote yanatokea huku kwetu, kutoka ufuo wa Dunga hadi pale mto Nyando unapoingia Ziwa Victoria. Nimechoshwa na mashujaa wenye panga zinazokunywa damu. Hapa Kisumu mbu anakunywa damu kila usiku na sijasikia aliyemtungia utenzi.

Shujaa wangu anaitwa Ouma, kibarua kwenye boti ya omena, wale dagaa wa ziwani. Baba yake mdogo amefariki akamwachia urithi wa kitu kimoja tu, karabai, ile taa ya pampu. Iliundwa na fundi wa Samia. Mnajua sifa ya Wasamia kwa kufua chuma, majembe yao yalizunguka kanda hii hata kabla reli haijafika hapa Kisumu 1901. Fundi huyo aliambiwa atalipwa kazi ikiisha. Kazi ikaisha. Akaambiwa apite kesho. Akapita kesho mpaka akafa. Lakini kabla ya kukata roho aliitemea mate ile karabai akasema, "Utawaita wanaodai kabla hujaita samaki."

Basi usiku wa giza Ouma akiiwasha, kila anayemdai lazima aje, mzima au maiti, popote alipo. Tena anakuja jinsi alivyo. Aliyekuwa anaoga anakuja na povu, aliyekuwa kaburini anakuja na udongo.

Rafiki yangu mmoja amesoma rasimu akaniambia hiyo si silaha, ni balaa. Mimi nasema ni silaha kuliko zote, kwa sababu mtu anayekudai hataki ufe. Hawezi kukubali. Ukifa, deni limeingia kaburini, au itabidi aanze kufukuzana na ndugu zako matangani. Mfalme wa giza, kwa upande wake, hajawahi kukopa hata kiberiti. Analipa taslimu. Hakuna kiumbe mwenye sababu ya kutaka aendelee kuishi.

Kipande hiki hapa:

*Majeshi ya kuzimu yalisimama ufuoni safu kwa safu, na mbele yao Mfalme Asiye na Uso. "Toa silaha yako," akanguruma. Ouma akapiga pampu. Mwanga ukapanuka juu ya maji, na gizani akaibuka wa kwanza: mwenye duka, kandambili mguu mmoja, daftari kwapani. Akaitazama mifupa elfu kumi yenye mikuki. Akamtazama Ouma. Akafungua daftari.*

*"Unga kilo mbili, tarehe nane. Mafuta ya kupima. Sabuni nusu mche. Hawa ni akina nani?"*

*"Wanataka kuniua."*

*Mwenye duka akafunga daftari, akachomeka kalamu sikioni, akamgeukia Mfalme Asiye na Uso. "Mzee, wewe panga foleni."*

Swali langu: inatosha hivyo, au niiongezee nguvu? Nilifikiria iteme moto.

Kijana_wa_Kondele

Hiyo si silaha kaka, hiyo ni tarehe tano ya mwezi.

Bin_Kibuye

"Mzee, wewe panga foleni" 😂😂 niko kwenye matatu, makanga ananiangalia vibaya. Usiongeze moto. Moto kila mtu anao.

MamaOmena_Usenge

Mwanangu Otenga, hadithi tamu, lakini hapo kwa "akapiga pampu, mwanga ukapanuka" umeruka mambo mengi. Nimekaa ufuoni miaka nikingoja boti zirudi alfajiri, ngoja nikueleze, maana utamu umeuacha nje.

Unajaza mafuta ya taa, si mpaka juu, hewa inahitaji nafasi yake. Halafu unamimina spiriti kidogo kwenye kile kikombe cha chini ya bomba, unaiwasha, unangoja bomba lipate moto. Ukiwa na haraka ukafungulia mafuta mapema, karabai inatapika. Moto wa manjano unaruka, moshi, masizi, na nyusi zako zimekwenda. Bomba likishapata moto ndipo unapiga pampu, na hutulii, kila baada ya muda unarudi kupiga tena, maana presha ikishuka mwanga unafifia. Na tundu likiziba unatafuta sindano ya kuzibulia, ambayo siku zote iko kwa mwenzako.

Sasa kile kisoksi. Kikiwa kipya ni kitambaa laini, unakifunga, unakichoma. Kikishaungua kinabaki majivu meupe yenye umbo la kisoksi, na hayo majivu ndiyo yanayong'aa usiku kucha. Mtu akipiga chafya karibu, yameporomoka. Nondo mnene akiyagonga, yamekwisha. Niambie huyo Ouma wako anapigana vipi na kitu hicho.

Halafu karabai haishikwi mkononi kama tochi ya askari. Inawekwa juu ya chelezo, inaelea, na wavuvi wanakaa kando kimya. Wadudu wa ziwani wanakuja kwanza, mawingu kwa mawingu, omena wanafuata, ndipo wavu unazungushwa. Kazi yenyewe kubwa ni kungoja. Na mwezi ukitoka, rudini nyumbani mkalale, omena hawatajisumbua.

Otenga_wa_Dunga

Mama, hapo umenipa sura nzima na sijakulipa. Sasa navuta picha. Ouma anamimina spiriti, mkono unatetemeka. Mfalme Asiye na Uso amesimama shoka juu, anauliza, "Bado?" Ouma anajibu, "Bomba halijapata moto mkubwa wangu, subiri kidogo." Na Mfalme analazimika kusubiri, kwa sababu aliapa mbele ya mashahidi kwamba hatamuua mtu asiye na silaha, na mfalme wa giza akivunja kiapo pembe moja inadondoka. Mkono wa shoka unaanza kuuma. Anaomba kiti.

Halafu hakuna ruhusa ya kupiga chafya pande zote mbili. Mifupa haina pua, heri yao. Lakini upande wa Ouma kuna marehemu waliotoka ardhini na vumbi puani.

Fundi_wa_Sola

Nani bado anatumia karabai? Boti nyingi siku hizi zina taa za betri. Hakuna kisoksi, hakuna spiriti, hakuna moshi. Hadithi yako imepitwa.

Otenga_wa_Dunga

Usijali, taa ya betri imo. Anayo mwanafunzi wa Mfalme, mchawi wa kisasa, amejitia kuiga. Kwa kuwa ni ya kisasa inaita wadai wa mkopo wa simu peke yao, na hao hawaji na miili. Wanatuma ujumbe. "Mpendwa mteja, muda wako umepita." Akinyamaza wanampigia mama yake. Akinyamaza tena wanampigia mwalimu wake wa darasa la nne. Mchawi anakimbia uwanja wa vita akiwa na ushindi mkononi.

Mweka_Hazina_Nyalenda

Swali la kikatiba. Kama Ouma anadaiwa na chama, anaitwa mweka hazina peke yake au wanachama wote? Sisi kwetu pesa si ya mweka hazina. Ni ya akina mama thelathini, na uamuzi bila akidi ni batili.

Otenga_wa_Dunga

Wote. Na kwa kuwa wamekutana wote, itabidi kikao kifunguliwe. Kwa maombi.

Mweka_Hazina_Nyalenda

Haswa. Mwenyekiti anaiambia mifupa isimame wakati wa maombi, na kofia za chuma zivuliwe. Kisha kusomwa kwa kumbukumbu za kikao kilichopita. Halafu yatokanayo. Mfalme asithubutu kushambulia kabla ya "mengineyo", na kwenye mengineyo lazima mtu mmoja alete habari ya sare za harusi ya binti yake. Hapo mpaka jogoo la kwanza.

Bin_Kibuye

Na aliyechelewa anatozwa faini. Mifupa iliyotoka kaburi la mbali ina shida.

Mwalimu_Mstaafu_Ahero

Nimewasoma wote. Naomba nitie neno, mniwie radhi kwa urefu.

Otenga, hilo swali lako la kuongeza moto wazee walishalijibu. Mchukue Luanda Magere, shujaa wa Waluo wa ukoo wa Sidho, hapa hapa Kano. Mwili wake ulikuwa jiwe, mikuki ilimgonga ikapinda. Lakini alikuwa na kivuli, na nyama yake ilikuwa humo. Walipomchoma kivulini akaanguka akawa jiwe, na jiwe lenyewe linaonyeshwa hadi leo. Wawindaji walikuwa wakinoa mikuki yao hapo wapate bahati. Fumo Liongo wa kule pwani hakupatikana kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Nyamgondho mwana wa Ombare, kule Gwassi, alitega samaki akavua kikongwe. Akamkaribisha nyumbani, ng'ombe wakajaa boma mpaka wakakosa pa kulala. Alichotakiwa ni kuchunga ulimi wake tu. Akalewa, akamtukana. Kikongwe akatoka, mifugo yote ikamfuata ikaingia ziwani, na Nyamgondho akasimama ufuoni akitazama mpaka akageuka mti.

Hakuna kati yao aliyepungukiwa nguvu. Kilichowaangusha ni sharti, tena dogo: kivuli, kitovu, ulimi. Mtu mwenye nguvu nyingi hana hadithi, tunamsifu tunakwenda kulala. Hadithi inaanza sharti linapotajwa, na kicheko kinakaa nyumba hiyo hiyo, sharti likiwa dogo la kutia aibu na bado halikwepeki. Kwa hiyo moto hapana. Ongeza sharti. Na usilitoe hewani. Litoe kwenye mambo ambayo msomaji wako anayaogopa kweli kweli, akiwa macho, mchana.

Chafya ya Mama Usenge ni sharti zuri kuliko joka lolote.

Binti_wa_Kapsabet

Mwalimu, shikamoo. Hapo kwa Luanda Magere umeruka mtu. Siri ya kivuli ilitolewa na mke wake, msichana aliyetoka upande wetu wa Wanandi. Shujaa aliugua, akamwambia mwenyewe kwamba dawa isichanjwe mwilini, ichanjwe kivulini. Akachanja, damu ikatoka, akaelewa. Kila nikisikia hadithi hii huko bondeni kwenu huyu dada anaitwa msaliti. Msichana ametumwa peke yake katikati ya adui, amepika, amesubiri, amerudi kwao na habari iliyomaliza vita. Huyo kwangu ni jasusi namba moja wa Kenya hii.

Na Otenga, ombi. Fimbo za Koitalel arap Samoei, kiongozi wetu Wanandi, usiziingize kwenye kejeli. Aliuawa 19 Oktoba 1905 alipokwenda kwa mazungumzo ya amani, zikachukuliwa Uingereza, zikarudi 2006. Karabai chezea utakavyo.

Otenga_wa_Dunga

Sitazigusa, dada. Lakini jasusi nakuazima. Mfalme Asiye na Uso ana mpishi anayetajwa mara moja tu sura ya pili. Tangu leo mpishi huyo ana kwao na ana aliyemtuma.

Mkosoaji_Baridi

Mnacheka sana humu. Hadithi ya giza isiyotisha ni katuni ya gazetini. Mwenye duka, chama, chafya, sawa. Msomaji ataacha kucheka wapi?

Otenga_wa_Dunga

Sura ya saba. Sikutaka kuitoa mapema, lakini shika:

*Wadai waliendelea kufika. Fundi cherehani na futi shingoni. Mwenye nyumba. Mganga aliyempa dawa ya jino kwa ahadi. Ouma aliwahesabu akaridhika, jeshi linatosha. Kisha akamwona mwingine, pale mwanga unapoishia, maji yakimfika kiunoni. Hakuwa na daftari. Shati lake lilikuwa limelowa tangu mwaka juzi.*

*Mwenye duka akainama sikioni mwa Ouma. "Huyo naye anakudai nini?"*

*Ouma akaendelea kupiga pampu, ingawa presha ilikuwa imejaa. Usiku ule wa dhoruba botini kulikuwa na jaketi moja la kuokolea. Okinyi alilivua akampa. "Vaa," alisema, "utanirudishia tukifika."*

Okinyi ndiye pekee ambaye mifupa inampisha njia bila kuambiwa.

Kijana_wa_Kondele

Mimi nilikuwa nakula.

Mkosoaji_Baridi

Haya. Endelea.

Mwalimu_Mstaafu_Ahero

Otenga, usimwache kijana huyo amesimama majini. Unaijua tero buru yetu Waluo. Mzee akifa, wanaume wanatoka na ng'ombe, mikuki na ngao, pembe zinapigwa, wanakwenda mbio mpaka nje ya makazi kukifukuza kifo, halafu wanarudi wakiimba. Ni vita kamili, ila adui haonekani. Desturi hiyo hufanyiwa mtu aliyekuwa na mji wake. Kijana kama Okinyi, kibarua asiye na nyumba, asingepata.

Basi mpe. Wadai wote hao, mwenye duka, akina mama wa chama, fundi cherehani, waokote mikuki ya mifupa wamfukuzie kifo. Na safari hii kifo kipo pale pale, kina pembe mbili na kimechoka mkono.

Mkwe_wa_Butere

Wakubwa, mmepita kando ya mdai mkubwa kuliko wote. Mahari.

Ouma ameoa, sivyo? Nani kati yenu amewahi kumaliza mahari? Huko ndiko deni lisilozeeka. Sasa karabai ikiwaka, atakayekuja mbele ya mwenye duka ni mama mkwe. Na kwetu Butere kama kwenu huko ziwani, mama mkwe huonekani naye hivi hivi. Ukimwona njiani unapindia kwenye mahindi. Huketi kiti alichokalia. Leo unamwita uwanja wa vita usiku, wewe mwenyewe kifua wazi umepakwa masizi.

Hiyo ni ya kwanza. Ya pili, hilo jeshi la mifupa naliona la kuazima. Kanda hii ina jeshi lake la usiku. Nyinyi mnawaita jojuogi, sisi abalosi. Wale wanaotimua mbio usiku wa manane, wanamwaga mchanga juu ya mabati, wanagonga mlango kwa makalio, asubuhi unakutana na mmoja wao kanisani ameshika kitabu cha nyimbo. Sare yao mnaijua: hawavai kitu. Waweke hao kikosi cha mbele.

Sasa unganisha. Taa inawaka. Mama mkwe wa Ouma anafika, khanga imefungwa vizuri, kikapu mkononi. Ana mabinti saba, wote wameolewa pande hizi. Anainua macho kuangalia hilo jeshi la kutisha, mwanga umemulika mpaka kwenye vifundo vya miguu, na wakwe zake wengine watatu wako mstari wa kwanza.

Bin_Kibuye

WACHA 😂😂😂

Kijana_wa_Kondele

Nimeweka sahani chini.

MamaOmena_Usenge

Wataingia majini mpaka shingoni, wote kwa pamoja, kimya. Halafu mmoja atasalimia.

Mkwe_wa_Butere

Lazima asalimie mama. "Shikamoo mama, habari za nyumbani." Na yeye atajibu akiwa ametazama upande mwingine, "Marahaba, watoto wanaendeleaje?" Kwa heshima hiyo hiyo, usiku kucha, hakuna awezaye kutoka majini kabla hajaondoka. Na yeye hawezi kuondoka kabla ng'ombe wake hawajazungumzwa. Kikosi kimekwisha bila tone la damu.

Otenga_wa_Dunga

Nimesimama, nimeketi, nimesimama tena. Sikilizeni ninavyoiona. Ouma naye hana shati. Hawezi kuingia majini kwa sababu presha inashuka na karabai inamngoja. Hawezi kujificha nyuma ya mwenye duka, mtu mwembamba. Mtu pekee mwenye nguo ya maana ufuo mzima ni Mfalme Asiye na Uso, joho jeusi la ngozi ya popo, refu mpaka chini. Ouma anamnong'oneza, "Mkubwa, niazime joho, mama mkwe huyo." Na Mfalme, ambaye aliwahi kuwa binadamu na aliwahi kuoa, anashusha shoka, anavua joho, anampa bila neno.

Bin_Kibuye

Subirini. Subirini kwanza. Ameazima au amepewa?

Otenga_wa_Dunga

Ameazima.

Bin_Kibuye

Basi vita vimekwisha! Mfalme sasa anamdai Ouma joho. Na wewe mwenyewe ulisema pale juu: mtu anayekudai hataki ufe.

Mwalimu_Mstaafu_Ahero

Naweka miwani chini. Hilo ndilo sharti. Kumbe mfalme hakuwa na udhaifu kwa sababu hakuwa na uhusiano na mtu.

Mkosoaji_Baridi

Nakubali, na mimi sikubali ovyo. Lakini tero buru ya Mwalimu inaenda wapi? Huwezi kumfukuza mtu ambaye umevaa joho lake.

Otenga_wa_Dunga

Unaweza, hapo ndipo penyewe. Wanamfukuza. Mwenye duka mbele na mkuki wa mfupa, akina mama thelathini nyuma yake, kikao kimeahirishwa bila mengineyo kwa mara ya kwanza katika historia ya chama. Mfalme anakimbia bila joho, na chini ya joho kumbe ni mzee mwembamba mwenye fulana. Wanampeleka mbio mpaka Nyando inapomwaga maji. Okinyi anatoka majini, anakwenda nao. Hao wengine wanarudi wakiimba, yeye harudi. Deni la jaketi halilipwi, ila amefukuziwa kifo chake kama mzee mwenye mji wake.

Lakini joho limebaki kwa Ouma. Kwa hiyo kila akiwasha karabai usiku wa giza, Mfalme Asiye na Uso lazima aje, popote alipo, jinsi alivyo. Amekalia kiti chake cha mafuvu, ghafla yuko Dunga, kikombe cha uji mkononi. Silaha imempata bila kumgusa.

Nakuru_Ndani

Sisi watu wa Nakuru tumenyamaza vya kutosha. Huyo Mfalme akifukuzwa anakwenda wapi? Mleteni kwetu, Menengai. Shimo la volkano la kilomita karibu 12 kwa 8, unasimama ukingoni unaona mvuke ukipanda kutoka chini na hakuna nyumba. Wazee walisimulia kuwa mvuke ule ni roho za Wamaasai wa Ilaikipiak waliotupwa humo vitani na wenzao wa Ilpurko, bado zinatafuta njia ya kutoka. Wengine wanakuambia kuna mashamba ya mashetani humo chini. Makao ya mfalme wa giza yameshajengwa, mnahangaika bure na ufuo.

Fundi_wa_Sola

Mvuke huo siku hizi unazungusha mitambo. Kiwanda cha umeme cha megawati 35 kimeanza kazi humo 2023.

Nakuru_Ndani

Ndiyo maana nataka aje! Mfalme wa giza amefika amechoka, ana fulana, ametulia juu ya mvuke wa mababu, kumbe anatakiwa asogee kuna bomba linapita. Anapewa koti la kuakisi mwanga na kofia ngumu. Mfalme wa Giza anaajiriwa kuzalisha mwanga.

Binti_wa_Kapsabet

Na mpishi wake amemfuata? Lazima, kazi yake haijaisha.

Otenga_wa_Dunga

Amemfuata. Ndiye anayepeleka habari Dunga kwamba Mfalme amepata mshahara wa kwanza na sasa ameanza kukopesha wafanyakazi wenzake. Ananunua watu wa kutaka aishi, mmoja mmoja. Hicho ndicho kitabu cha pili, na hapo Ouma ana kazi, maana adui ameelewa jinsi silaha inavyofanya kazi.

Mkosoaji_Baridi

Umegeuza. Akikopesha, yeye ndiye mdai. Wanaotaka mtu aishi ni wanaomdai yeye. Inabidi akope.

Otenga_wa_Dunga

Na ndivyo anavyokosea kwa sura tatu nzima mpaka mpishi anamhurumia.

MamaOmena_Usenge

Wanangu mmefika mbali, mimi narudi ufuoni. Otenga, kitabu cha pili kinaanza mwezi gani? Maana uliandika "mvua isiyokatika", na hiyo kwetu ni masika. Kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai omena hawavuliwi, wanaachwa wazaliane. Karabai ikionekana majini miezi hiyo, watu wa BMU, kamati ya ufuo inayosimamia uvuvi, hawaulizi kama ni ya kichawi.

Otenga_wa_Dunga

Mama, nipe dakika chache.

Haya. Sura ya kwanza, kitabu cha pili:

*Boti ya doria ilikata maji ikasimama kati yao. Mwenyekiti wa BMU akavaa miwani, akafungua rejista.*

*"Taa majini, usiku, mwezi wa tano. Mnavua omena."*

*"Mwenyekiti, huyu havui," akasema Mfalme Asiye na Uso, kofia ngumu ikiwa imekaa vibaya katikati ya pembe. "Ameniita anishinde."*

*"Kibali kiko wapi?"*

*"Cha kunishinda?"*

*"Cha taa."*

*Mfalme akamtazama Ouma. Ouma akatazama pampu.*

*"Zimeni hiyo. Mtarudi wote wawili tarehe moja Agosti mmalizie mambo yenu. Na wewe mwenye pembe, boti yako haina namba."*